Grisi ya meno ya propela na sproketi: mwongozo kamili kwa wenye guta na bodaboda wa Mtwara na Lindi

Kijana aliyeniletea lile guta, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, alinisalimu "Shikamoo mzee", akakaa kwenye kigoda, na kabla sijamuuliza neno akaanza kujitetea: "Grisi naweka kila Jumapili, siruki hata moja." Guta lake linabeba chumvi kutoka mashamba ya chumvi ya pwani ya Lindi. Akiachia klachi, linagonga chini ya bodi, ko! Akipunguza mafuta, linagonga tena. Nikafungua propela, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma, nikavuta ncha yake inayoteleza, nikakuta unga wa rangi ya kutu, laini kama ugoro, umekandwa na grisi mpaka umekuwa kama udongo wa kufinyangia. Nilipoufuta kwa tambara, jino mojamoja likajionyesha: limeliwa upande mmoja, limebaki jembamba, limepinda kama ukucha.

Nilimwamini. Grisi alikuwa anaweka kweli. Ila ilikuwa ya njano, ya kupimiwa kwa kijiko kutoka kwenye pipa lisilo na maandishi, na kubebwa kwenye chupa ya maji iliyokatwa shingo. Haikuwa grisi ya kazi ile. Mtu anayeweka grisi isiyofaa kila wiki anaweza kuua meno ya propela kama yule asiyeweka kabisa, na ubaya zaidi analala akijua yuko salama. Kwa hiyo haya yote nayoandika ni juu ya kuchagua; kupaka ni kazi ya dakika chache ukishajua unachopaka.

Hatua ya kwanza: jua meno yako yako wapi

Meno ninayosema si ya gia. Ni ile mifereji iliyochongwa kuzunguka shafti, dume, inayoingia kwenye mifereji ya jike. Mafundi wengi tunaiita splaini. Kazi yake ni kupeleka nguvu ya kuzungusha huku ikiruhusu vipande viwili viachanishwe, au vitelezeane.

Kwenye guta, au toyo kama wengi wanavyoita, iko kwenye propela kati ya giaboksi na difu ya ekseli ya nyuma. Springi za nyuma zikipanda na kushuka, umbali kati ya giaboksi na difu hubadilika, na propela lazima irefuke na kufupika. Inafanya hivyo kwa meno kuteleza. Guta likiwa na mzigo wa korosho kwenye njia ya shamba kule Tandahimba, meno hayo yanateleza maelfu ya mara kabla hujafika ghalani, na yote hayo yakiwa yamebanwa na nguvu ya injini.

Kwenye bodaboda ya cheni iko mahali watu hawapakumbuki: pale sproketi ndogo ya mbele inapokaa kwenye shafti ya giaboksi. Kwenye pikipiki nyingi ndogo sproketi hiyo imeshikwa na kibati chenye bolti mbili, na imeachiwa nafasi kidogo ya kucheza. Uchezaji huo mdogo ndio unaokula meno.

Halafu kuna pikipiki kubwa za shafti, zisizo na cheni. Huku kwetu si nyingi, lakini zinapita: wasafiri wanaokwenda Msumbiji kupitia Daraja la Umoja, na watu wachache wanaozimiliki. Hizo zina meno sehemu mbili au tatu: kwenye klachi, kwenye shafti, na kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma.

Hatua ya pili: uliza meno yanatembeaje

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, maana wanachukulia meno kama beringi. Beringi inabiringika, na ikibiringika inajivutia mafuta chini ya vyuma na kuvitenganisha. Meno hayabiringiki. Yanabanana chuma kwa chuma, yanasogea kidogo, yanasimama, yanarudi. Mafuta yanakamuliwa nje na hayapati nafasi ya kurudi. Chuma kikigusana na chuma hivyo, chembe ndogo zinakwanyuka, zinapata hewa, zinageuka kutu. Ule unga wa rangi ya kutu niliokuta kwenye guta la chumvi ndio huo. Na unga huo wenyewe ni mgumu, unasaga kama msasa. Ukishaanza, unajilisha.

Kwa hiyo grisi ya meno inahitaji kitu kinachobaki pale hata mafuta yakikamuliwa. Kitu hicho mara nyingi ni moli, yaani molibdenamu disulfaidi, unga mweusi unaoandikwa MoS2 kwenye kopo. Chembe zake ni bapa na zimepangana kama karata. Ukizibana haziondoki, zinatelezeana.

Sasa gawanya meno yako katika makundi mawili. Yanayoteleza safari ndefu, kama ya propela ya guta, yanataka grisi nzuri inayonata, isiyooshwa na maji, yenye moli kidogo. Yanayotikisika tu mahali pamoja, kama ya sproketi ya mbele au kitovu cha gurudumu la shafti, yanataka pesti yenye moli nyingi sana, kwa safu nyembamba. Ukishika hilo, nusu ya kazi umemaliza.

Hatua ya tatu: elewa kopo linasema nini

Grisi nyingi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni. Si fumbo, ni sabuni kweli: ya lithiamu, ya kalsiamu, ya sodiamu. Mafuta ndiyo yanayolainisha. Sabuni ni kama sifongo inayoyashika yasitiririke. Basi maswali ni matatu: sabuni gani, mafuta mazito kiasi gani, na wameongeza nini.

Rangi iache kabisa. Nyekundu, bluu, kijani, njano, mara nyingi ni rangi ya kutia kiwandani tu. Nyeusi peke yake inaweza kukudokeza kwamba kuna moli au grafaiti, na hata hapo usiamini mpaka usome.

*Sabuni.* Ya lithiamu ya kawaida ndiyo iliyojaa madukani. Inaanza kuyeyuka karibu nyuzi 190 za Selsiasi, inavumilia maji kiasi, inafaa kazi nyingi. Inayoandikwa Lithium Complex ni ndugu yake mkubwa; huvuka nyuzi 260 kabla ya kudondoka. Ya kalsiamu ya zamani inakataa maji vizuri sana lakini haipendi joto, inalegea kwenye nyuzi 100 hivi na kufanya kazi inataka iwe chini sana ya hapo. Karibu na injini usiiweke. Ya sodiamu inayeyuka kwenye maji kama sabuni ya kufulia, na sisi watu wa pwani hatuna biashara nayo.

Iliyobaki ndiyo ninayoipenda kwa kazi za baharini: kalsiamu salfoneti. Hii inakataa maji, inazuia kutu kwa asili yake bila kuongezewa dawa, na inabeba mzigo mzito. Ndiyo sababu utaikuta kwenye meli na mitambo ya bandarini. Kwa guta linalobeba chumvi, au linaloshuka soko la samaki la Feri kila alfajiri kupakia matenga yanayotiririsha maji ya bahari, sioni grisi inayoishinda. Ukiuliza dukani, uliza grisi ya baharini kisha usome kopo mwenyewe, maana jina la baharini linaandikwa na kila mtu.

Kuna nyingine mbili zisizotumia sabuni, ya poliyurea na ya udongo wa bentonaiti. Si mbaya kwenye kazi zake, ila zina tabia ya kugombana na grisi nyingine. Nitarudi kwenye ugomvi huo.

*Ugumu.* Namba ya NLGI inaanzia 000, inayotiririka kama mafuta ya kupikia, mpaka 6, ngumu kama kipande cha sabuni. Wanaipima kwa kuangusha koni ya chuma juu ya grisi yenye nyuzi 25 na kusoma imezama kiasi gani. Namba 2 huzama kati ya 265 na 295, kwa sehemu za kumi za milimita. Kwa mkono, namba 2 ni kama siagi ya karanga. Hiyo ndiyo ya propela. Namba 3 ni ngumu mno kupenya kwenye meno, namba 0 na 00 zinatoroka kwa joto la huku. Namba 1 si vibaya kwenye meno yanayotikisika tu, kwa kuwa laini hurudi haraka pale ilipokamuliwa.

*Mafuta ya msingi.* Makopo mazuri, au karatasi zake, huandika uzito wa mafuta kwa cSt (sentistoki, kipimo cha uzito wa kutiririka) kwenye nyuzi 40. Kwa propela ya guta tafuta 150 hadi 220, na zaidi ya hapo hakuna ubaya kwa mzigo mzito unaokwenda taratibu.

*Nyongeza.* EP ina maana grisi imeongezewa dawa ya kubeba mgandamizo mkubwa. Itake. Moli kwenye grisi za kawaida huwa asilimia 3 hadi 5, na hiyo inatosha propela. Pesti za meno ni habari nyingine: Honda kwa miaka mingi waliuza pesti iliyoitwa Moly 60 kwa ajili ya meno ya pikipiki zao za shafti, jina likitokana na moli ya karibu asilimia 60, kisha ikapokewa na pesti nyingine, M77. Usiichukue pesti ya namna hiyo ukaisukuma kwenye krosi, kile kiungo cha umbo la msalaba kwenye ncha ya propela. Ndani ya krosi kuna beringi za sindano, na zenyewe zinataka kubiringika. Moli nyingi mno inazifanya ziburuzike.

Kama unataka jibu la mdomo mmoja la kumtuma kijana dukani, ni hili: guta la bara, Newala, Nachingwea, Ruangwa, mwambie alete Lithium Complex EP 2 yenye moli. Guta la chumvi, samaki au mchanga wa ufukweni, alete kalsiamu salfoneti namba 2. Bodaboda ya cheni, pesti ya moli, hata kidogo kwenye kichupa, kinakaa muda mrefu sana.

Hatua ya nne: ijaribu kabla hujaiamini

Chukua misumari mitatu ya kawaida, isiyopakwa zinki. Ifute kwa petroli itoke mafuta ya kiwandani, mbali na moto. Mmoja upake grisi unayotumia sasa, wa pili ile unayotaka kununua, wa tatu uache mtupu. Safu iwe nyembamba, kama unavyojipaka mafuta mkononi. Isimamishe kwenye kopo la maji ya bahari, nusu ndani nusu nje, siku tatu. Usitazame sehemu iliyozama tu. Tazama pale maji yanapokutana na hewa, ndipo kutu inapoanza.

Lile guta la chumvi lilinifundisha kufanya hivi mbele ya mwenye chombo. Msumari wa grisi ya pipa siku ya tatu ulikuwa na mistari ya kutu kuanzia kichwani, karibu sawa na ule mtupu. Kijana aliushika akaugeuzageuza bila kusema kitu, kisha akauliza kopo jipya nimelipata wapi.

Jaribio la pili ni la kiganja: weka grisi kiasi cha punje ya hindi, dondosha maji matone matatu, kanda. Ikigeuka maziwa na kuanza kuoshwa mkononi, iache. Nzuri huyasukuma maji pembeni yakabaki matone.

Hatua ya tano: safisha, na usisahau maji

Watu wengi wanakimbilia mafuta ya taa. Kwa vyombo vya pwani kuishia hapo ni kosa, kwa sababu chumvi haiyeyuki kwenye mafuta ya taa. Ukiosha kwa mafuta ya taa peke yake unaondoa grisi na kuiacha chumvi kwenye mifereji, kisha unaifunika kwa grisi mpya ikae ikila chuma. Toa grisi kwanza kwa mafuta ya taa na brashi, halafu osha kwa maji baridi ya bomba na sabuni, suuza sana, kausha juani mpaka chuma kiwe cha moto ukikishika. Maji ya kisima cha ufukweni yenye ladha ya chumvi usitumie.

Kabla hujaachanisha propela, piga alama ya rangi kwenye dume na jike, mstari mmoja unaovuka pande zote mbili. Ukirudisha ukakosea hata jino moja, masikio ya krosi ya mbele na ya nyuma hayatalingana, na guta litatetemeka mpaka krosi na beringi ya giaboksi ziliwe. Nimeona watu wakibadilisha krosi mara mbili kwa ajili ya alama ambayo haikupigwa. Wekea vigingi magurudumu kabla ya kuingia chini, na usitegemee jeki peke yake.

Meno yakiwa makavu, pitisha ukucha kwenye uso wa kila jino. Ukucha ukinasa kwenye kidaraja, jino limeliwa, na hakuna grisi itakayorudisha chuma. Badilisha dume na jike kwa pamoja. Jipya moja likikutana na kuukuu moja linaliwa kwa umbo la mwenzake.

Hatua ya sita: paka

Kwenye propela paka meno ya dume yote kwa brashi mpaka mabonde yajae nusu, ingiza, vuta, ingiza tena, ufute kilichotoka. Kama ina nipo, kile kichuchu cha kusukumia grisi, ifute kwanza, vinginevyo unasukuma mchanga ndani. Sukuma polepole mpaka uone grisi mpya ikichungulia kwenye sili, kisha acha. Usijaze kwa hasira. Grisi haibanwi, ukiijaza mpaka pomoni propela inakosa pa kufupikia, na shimo la kwanza barabarani litasukuma sili au kifuniko nje.

Raba ya kufunika meno, kama guta lako linayo, iangalie kuliko unavyoangalia grisi. Ikipasuka, vumbi jekundu la Newala linaingia, linanata, na una msasa ndani.

Kwenye sproketi ya mbele ya bodaboda fungua kifuniko, bolti mbili, kibati, toa sproketi. Paka pesti kwa brashi ya mswaki, safu ambayo bado unaona rangi ya chuma ikipenya. Rudisha, futa kila kilichozidi, maana kinachobaki nje kitarushwa na kukusanya vumbi la cheni.

Pikipiki za klachi kavu, isiyozama kwenye oili, kama BMW R 1200 GS za kabla ya toleo la 2013, zinataka mkono mwepesi zaidi ya hapo. Meno ya shafti yanapita katikati ya sahani ya klachi. Grisi ikizidi inarushwa juu ya sahani na klachi inaanza kuteleza.

Vitu vya kukataa

Grisi ya kopa, ile ya rangi ya shaba, ni ya kuzuia bolti zisigande. Si ya meno yanayosogea. Spreyi nyeupe ya lithiamu ni nyepesi mno, inafaa bawaba za mlango. Oili chafu ya injini inatiririka na imebeba vumbi la chuma. Mafuta ya nazi, ndiyo, nimeyaona yakipakwa, yanaganda na kuoza.

Na ule ugomvi: usiongeze grisi mpya juu ya usiyoijua. Mwaka wangu wa mwanzo kwenye kazi nilisukuma lithiamu juu ya grisi ya poliyurea iliyokuwamo, nikamwambia mwenye chombo aende. Baada ya wiki alirudi, propela imepaka tumbo lote la bodi uji wa kijivu. Grisi hizo mbili zilikataana, zikaachia mafuta. Toa yote ya zamani kwanza. Ukishaamua aina moja, andika kwa rangi kwenye fremu karibu na propela, ili hata fundi wa Kilwa atakayekuhudumia ukiharibikiwa njiani ajue.

Mara ngapi

Guta la chumvi au samaki, kila wiki kwa nipo, na kuvua propela nzima kila miezi mitatu. La bara, wakati wa vumbi kila wiki mbili; mvua za Desemba hadi Aprili zikianza, kila baada ya kuvuka maji yaliyofika kwenye ekseli, hata kama ni leo na kesho. Bodaboda, kila unapobadilisha cheni na sproketi. Pikipiki ya shafti, kila unapotoa gurudumu la nyuma kubadilisha tairi.

Siku 7 baada ya kuweka grisi mpya, futa kidogo kwenye mdomo wa sili kwa kitambaa cheupe ukitazame juani. Ikiwa nyeusi au ya rangi uliyoiweka, endelea. Ikiwa na wekundu wa kutu, chuma bado kinagusana. Vua propela siku hiyohiyo, kabla ya safari ya pili.